Faustina Kalinga na Hofu ya Mlango Uliofungwa

14 Machi 1971 – 9 Agosti 2025
Wasifu wa marehemu, umesomwa na mdogo wake, Dastan Kalinga, Ilula, Jumanne tarehe 12 Agosti 2025

Baba Paroko, mwenyekiti wa kijiji, wakwe zetu mliosafiri kutoka Mbeya, majirani wa Ilula, poleni kwa msiba na poleni kwa jua. Mmekaa uani na jeneza liko uani, na wengi mmeuliza kwa nini Faustina hajaingizwa ndani ya nyumba ya kaka yake mkubwa kama desturi yetu inavyotaka. Desturi hatukuisahau. Marehemu mwenyewe ndiye aliyekataa, akiwa na akili zake timamu, mbele ya mume wake na mbele ya huyu anayewasomea.

Tuseme ukweli mapema, maana angetucheka tukimpamba: marehemu alikuwa mwoga. Hakuogopa wachawi, wala nyoka, wala wakubwa wa ofisini. Aliogopa nyumba. Aliogopa nyumba ambayo mtu anaweza kuingizwa na asiweze kutoka kwa nguvu zake mwenyewe. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, naye aliutumia msemo huo kila alipochekwa. Mpaka pumzi yake ya mwisho alikuwa na hofu moja kuu, kwamba kaka yake Rabson, ambaye miguu imemkataa, angekufa amefungiwa ndani ya nyumba hii nzuri iliyo mbele yenu.

Faustina alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa hapa Ilula, kitongoji cha Itunda, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Yohane Kalinga na marehemu Mama Rozalia. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huo. Mbele yake alikuwa Rabson, nyuma yake akaja Dastan. Nyumba ya wazazi ilikuwa ya tope na bati, na ilikaa chini kabisa, kizingiti chake kuku alikivuka bila kupiga mbawa. Mzee Yohane aliionea aibu nyumba ile maisha yake yote. Alikuwa akiwaambia wanawe wa kiume kwamba mtu mzima hupimwa kwa msingi wa nyumba yake, na wanawe walimsikia vizuri mno.

Alisoma Shule ya Msingi Itunda kuanzia mwaka 1979 hadi 1985. Masika kijito kilipofura, Rabson alimvusha mgongoni, na Faustina huko juu aliimba na kumpiga kaka yake mateke ya mbavu aongeze mwendo kama punda. Mama Rozalia alikuwa akifumba macho kwa woga, lakini mtoto mwenyewe hakujua woga ni mdudu gani. Mwaka 1986 alipelekwa kwa masista Iringa mjini kujifunza ushonaji, akahitimu mwaka 1987, akarudi nyumbani na cherehani.

Kushona alikujua, ila kukaa mahali pamoja kulimshinda. Mwaka 1990 aliingia biashara ya vitunguu. Alinunua Ruaha Mbuyuni, shambani kabisa, akapakia kwenye malori na kwenda kuuza Mbalizi. Nafasi ya mbele karibu na dereva aliikataa kwa sababu ya joto, akawa anakaa juu ya magunia, kanga kichwani, akila mihogo mibichi. Wenye malori walimzoea. Alipokuwa hayupo waliuliza yule dada wa Kihehe asiyeshika kamba yuko wapi.

Ilikuwa Mbalizi alikokutana na Ambokile Mwasomola, fundi seremala, kijana wa Kinyakyusa mwenye maneno matamu na kazi ya haraka. Faustina aliagiza mlango wa stoo yake ya vitunguu. Mlango ulipofungwa ukaacha uwazi chini, panya wa kutosha kupita wawili wawili. Akamfuata fundi na kelele. Ambokile akautazama ule uwazi kwa utulivu wa mtu aliyeukusudia, akasema, "Dada, nimeacha ili vitunguu vipumue." Faustina alicheka mpaka akasahau kudai mlango mwingine. Walifunga ndoa tarehe 21 Septemba 1996, wakajaliwa watoto wawili, Tumpe na Fanueli. Nyumba zote walizokaa tangu hapo milango yake ilikuwa na uwazi chini, na Faustina hakuacha kulalamika.

Jumatano tarehe 22 Oktoba 2003, lori alilopanda liliacha barabara karibu na Igawa. Magunia yalimwangukia. Dereva alitoka mzima, na Faustina akalazwa hospitali Mbeya miezi mingi, akatoka akiwa hana habari na sehemu yoyote ya mwili wake kuanzia kiunoni kushuka chini. Hujafa hujaumbika, ndugu zangu. Aliyekuwa hashiki kamba akawa wa kubebwa kutoka kitandani kwenda chooni, na alipobebwa alifumba macho na kung'ang'ania shingo ya mbebaji, kwani mara mbili aliangushwa.

Hapo kaka zake wakafanya kitu ambacho ukoo mzima uliwasifu. Rabson na Dastan walimjengea nyumba Iwambi, wakaimaliza mwaka 2005. Ilikuwa nyumba ya heshima. Kiwanja kiko kwenye mwinuko, kwa hiyo msingi ulipandishwa juu, mawe matupu, na mbele zikawekwa ngazi pana za terazo ambazo mtu alizipanda akijisikia waziri. Siku ya kumkabidhi, vijana walimbeba Faustina juu ya ngazi zile huku wanawake wakipiga vigelegele. Rabson alilia kwa furaha. Hakuna hata mmoja wetu, na tulikuwa wengi, aliyejiuliza atashukaje.

Julai ya mwaka 2006, baridi ya Iwambi ikiwa ile inayong'ata masikio, Ambokile alifanya mambo ya mapenzi kabla ya kwenda kazini. Alimwingizia mkewe jiko la mkaa chumbani apate joto. Akafunga madirisha upepo usimsumbue. Akafunga mlango wa mbele kwa kufuli upande wa nje, ili vibaka wasimwingilie mtu asiyeweza kukimbia, ufunguo akautia mfukoni, akaenda Mbalizi na roho nyeupe. Wangapi hapa hatujamfungia mgonjwa hivyo tukaenda shamba?

Faustina alikuwa kitandani akishona. Kichwa kikaanza kumgonga, kisha kikawa kizito, akadhani ni malaria. Sindano ilipomponyoka na akashindwa kuona ilipoangukia, ndipo alipolitazama jiko na kuelewa. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuonya. Kiti chake cha magurudumu kilikuwa sebuleni, kwa sababu mlango wa chumba, kazi ya mikono ya mumewe, ulikuwa mwembamba na kiti hakikupita. Akajiangusha sakafuni. Akajikokota kwa viwiko, miguu ikimfuata nyuma kama mzigo wa mtu mwingine, mpaka mlango wa mbele. Akasukuma, akasikia kufuli ikigonga nje. Akaita, sauti ikatoka kama ya kuku aliyekabwa. Alisema baadaye kwamba kifo chenyewe hakikumtisha kama alivyotishwa na ule mlango, mlango wa nyumba yake mwenyewe, uliofungwa na mtu anayempenda.

Uvivu wa Ambokile ndio uliomwokoa, Mungu ana njia zake. Mlango ule nao ulikuwa na uwazi chini. Faustina alibandika mdomo pale, shavu kwenye saruji ya baridi, akavuta hewa ya nje kidogo kidogo, akapenyeza vidole na kuvichezesha. Jirani yake Ikupa, ambaye leo yuko hapa, alikuwa anapanda ngazi kwenda kuomba chumvi. "Nikaona vitu vinacheza chini ya mlango," Ikupa amesimulia mara nyingi, "nikasema ni vitoto vya panya hivi, nikanyanyua mguu nikanyage. Halafu nikaona pete." Aliivunja kufuli kwa jembe.

Ambokile aliporudi alipiga magoti. "Mama Tumpe, mimi nilikuwa nakulinda."

"Najua, baba," Faustina alimjibu. "Ndiyo maana naogopa. Mwizi ningempigia kelele. Wewe je, nikupigie kelele gani?"

Alikataa kurudi ndani. Alilala kwenye jiko la nje, lile la mabanzi lililo usawa wa ardhi, baridi yote ile, mpaka Ambokile alipochukua nyundo na kubomoa ngazi za terazo. Mteremko wa kwanza aliojenga ulikuwa wa kutisha, kwa maana fundi milango si fundi barabara. Siku ya kuujaribu kiti kilishika kasi, kikapita getini, kikatua katikati ya matuta ya viazi ya Ikupa, magurudumu juu. Walimkuta mwenyewe amekaa kwenye majani ya viazi anacheka na kulia kwa pamoja. Wa pili ulizunguka nyumba taratibu, na milango yote ikapanuliwa. Ufunguo wa mlango wa mbele ukafungwa kwenye uzi, na tangu siku ile hakuna aliyeuona mahali pengine isipokuwa shingoni mwake.

Krismasi ya mwaka ule Rabson alifika Iwambi. Alisimama getini akatazama mahali ngazi zake zilipokuwa. "Nimekujengea nyumba ya heshima," alisema, "umeigeuza zizi."

"Ng'ombe anatoka zizini kwa miguu yake, kaka," dada yake akamwambia. "Mimi nilikuwa sitoki."

Rabson aliondoka bila kula. Kwa miaka mingi ndugu hawa walisalimiana misibani tu, tena kwa mbali. Ilimuuma sana marehemu, na hakuwahi kujifanya haikumuuma.

Misibani ndiko kazi yake kubwa ilikoanzia. Mnajua kwetu wanawake hukaa ndani na wafiwa, wanaume hukaa nje wakiota moto. Faustina alipofika msiba wa kwanza akiwa na kiti, alikuta ngazi. Vijana wakataka wambebe, akakataa. Mzee mmoja akamwambia kwa upole, "Mama, wanawake wako ndani." Akajibu, "Ndani kuna ngazi, mzee. Nisogezeeni moto." Basi akakaa na wanaume, kitenge chake peke yake katikati ya makoti, akasikiliza. Aligundua kitu ambacho wanawake wengi hawakijui. Wanaume msibani, wakishamaliza kumsifu marehemu na kulalamikia mbolea, huongea ujenzi. Kila mmoja ana nyumba kichwani.

Hapo akawa anachagua mmoja na kumuuliza taratibu, "Umejenga, baba?"

"Najenga, mama. Nimefika linta."

"Hongera. Siku miguu ikikukataa, utatokea wapi?"

Mtu akilisikia swali hilo mchana sokoni atacheka. Akilisikia wakati jeneza liko hatua chache kutoka alipokaa, hacheki. Aliwatisha watu, na alijua anawatisha. Aliwaeleza habari za jiko, za kufuli, za shavu kwenye saruji, mpaka wazee wakasogeza viti vyao mbali naye. Fundi Jailos wa Mbalizi, ambaye amekuja na wakwe zetu, ni matunda ya moto ule. Alitutamkia mwenyewe: "Yule mama alinitia hofu, nikaenda kwangu nikaanza kuutazama mlango wa choo. Nikamwona mama yangu mzazi kakwama pale. Nikabomoa." Tangu hapo kila nyumba aliyojenga Jailos ina mlango wa kupita kiti na angalau njia moja isiyo na ngazi, mwenye nyumba atake asitake.

Mwaka 2011 marehemu na wenzake wenye ulemavu walianzisha Kikundi cha Mlango Wazi, Iwambi, naye akawa mwenyekiti wake hadi kufa. Walikwenda kwenye vikao vya mtaa, vya kata, vya halmashauri, wakiwa na sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010 mapajani. Walidai nyumba za kupangisha na za kukopesha zisipitishwe mpaka mchoraji aonyeshe mtu wa kiti atatokea wapi moto ukiwaka. Mahali pengine walisikilizwa. Pengine walionyeshwa choo cha watu wenye ulemavu kikiwa kimejaa fagio na ndoo, na Faustina akaomba fagio zipewe kitambulisho cha ulemavu. Kuna jengo moja mjini waliloahidiwa nyumba za chini, likaisha lote likiwa na ngazi, na siku ya uzinduzi yeye na wenzake walikaa nje kwenye vumbi wakisikiliza hotuba kupitia spika. Alilia siku ile.

Lakini kilichomnyang'anya usingizi kilitokea Igawa mwaka 2014. Alikuwa ameambiwa habari za mwanamke mmoja, jina lake tunaliacha kwa heshima ya familia, aliyefungiwa chumba cha uani kwa sababu ya ulemavu wa viungo. Faustina aliongea naye kupitia dirishani na kumwahidi kurudi na viongozi. Aliporudi, alikuta turubai limetundikwa na watu wanaota moto. Kibatari kilikuwa kimeangukia godoro, na wenye nyumba walikuwa kanisani. Kuanzia hapo, popote alipolala, iwe kwa watu au gesti, alijizungusha kwanza na kiti chake kutoka kitandani mpaka nje, kisha akarudia akiwa amefumba macho. Tumpe anasema mama yake alikuwa akiota anakuna ubao wa mlango.

Mei 2023 kiharusi kilimpiga Rabson upande wa kulia. Hospitali alipelekwa akiwa amebebwa na vijana, na kwenye ngazi za nyumba hii wakamwangusha. Aliporudi alipandishwa juu, akasema hatashuka tena kwa mikono ya watu. Wala ngazi zisiguswe. Alimwambia mkewe Bertha, "Mwanaume akibomoa ngazi zake ametangaza kushindwa." Faustina alisikia habari hizi Mbeya, akasahau kwamba walikuwa hawaongei. Akawa anapiga simu kila asubuhi.

"Wifi, kamwene. Mlango uko wazi?"

"Uko wazi, wifi," Bertha alijibu.

Alhamisi tarehe 20 Februari 2025 Faustina alifika hapa bila taarifa. Tunayasoma haya kwa ruhusa ya Bertha, na yeye ndiye aliyesema yasifichwe. Mvua ilikuwa imenyesha, kwa hiyo Bertha aliingiza jiko ndani na kuinjika maharage. Mvua ilipokatika alikimbia mashineni kusaga, akafunga mlango kwa kufuli ili mgonjwa asisumbuliwe. Faustina alisimamisha kiti chake chini ya ngazi, akainua macho, akaiona kufuli. Moshi ulikuwa unatoka dirishani.

"Kaka!"

"Nani huyo?"

"Faustina. Nini kinaungua?"

"Kamwene, dada. Ni maharage. Bertha kaenda mashineni. Karibu ndani."

Alisema karibu ndani, Rabson wetu, mtu aliyefungiwa akimkaribisha mtu asiyeweza kupanda. Kisha moshi ukamwingia kifuani akaanza kukohoa.

"Sogea dirishani, kaka!"

"Nasogea na nini? Mguu haunitii."

Faustina alijua kila kitu kinachotokea upande wa pili wa mlango ule. Alikijua kichwa kizito, macho kuona giza pembeni. Alijaribu kujitupa kutoka kitini akapande kwa viwiko, akaanguka kwenye tope. Kutoka pale chini akamsikia kaka yake, kichwa cha ukoo wa Kalinga, akisema kwa sauti ndogo ya mtoto, "Faustina, usiondoke." Alipiga yowe lililosikika mpaka barabara kuu. Vijana waliokuwa wanapakia matenga ya nyanya wakaja mbio, wakavunja kufuli. Maharage yalikuwa makaa. Rabson alikuwa hai.

Kesho yake, akiwa chini ya dirisha, dada alimtania kaka yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka. "Kaka, mpanda ngazi hushuka. Wewe utashuka lini?"

"Nitashushwa," Rabson alijibu. "Watu sita watanishusha, siku yangu ikifika."

"Na moto ukiwatangulia hao sita?"

Rabson akageukia ukuta. Faustina hakurudi Mbeya. Alipanga chumba cha chini karibu na barabara, na kila asubuhi, mvua au jua, alijisukuma mpaka uani hapa kuuliza kama mlango uko wazi. Ndugu hawa waliongea kwa dirisha miezi yote iliyofuata, kuhusu wazazi, kuhusu shule, kuhusu kila kitu isipokuwa ngazi. Dada akizitaja, kaka alifunga dirisha.

Figo za Faustina zilikuwa zikimsumbua tangu ajali, na madaktari wa Mbeya walimtaka asikae mbali nao. Alituficha. Mwezi Juni uso ulianza kuvimba. Julai alilazwa hospitali mjini Iringa, na akawa anawaomba wauguzi wasirudishie mlango wa wodi. Ambokile aliweka kiatu chake pale mlango usijifunge, akawa anatembea na soksi.

Siku mbili kabla ya kifo aliwaita Ambokile na Dastan. Alisema azikwe Ilula, jeneza likae uani, na ngazi za kaka Rabson, ambazo hakuzipanda akiwa hai, asipandishwe akiwa maiti.

"Mama Tumpe," Ambokile alisema, "mke azikwe kwao na mume yupo? Ndugu zangu watasema nini?"

"Waambie kazi yangu nimeifanyia misibani miaka yote," alijibu. "Huu ni wangu. Niachieni niufanyie kazi."

Alifariki Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Tumpe. Alikuwa na hofu mpaka mwisho, si ya Mungu wala ya kaburi. Alikuwa anamtaja Rabson. Wakwe zetu, tunajua mmelimeza jambo gumu kutuachia mke wenu alale huku. Ndaga, tunawashukuru.

Kijitabu mlichoshika kinaishia hapo, kwa sababu kilichapwa jana mjini. Yanayofuata yameandikwa kwa kalamu asubuhi hii, na Dastan anaomba mvumilie mwandiko na sauti yake.

Jana mchana jeneza lilipofika, Rabson alikuwa dirishani. Alingoja liingizwe. Alingoja sana. Kisha akamwita Dastan, "Mbona hamniletei dada yangu?" Akaambiwa. Vijana wakajitolea kumbeba, akashika mwimo wa mlango kwa mkono wake mzima, vidole vikawa vyeupe. "Mtaniangusha," akasema. Wakamwacha. Wanawake walikaa nje jana nzima kulizunguka jeneza, na yeye peke yake akakaa ndani ya nyumba yote hii.

Leo kulipokucha alimwita fundi Jailos.

"Fundi, ngazi hizi zinabomoka?"

"Zinabomoka, mzee."

"Kwa muda gani?"

"Tukiacha kuongea, kabla ya misa."

Waliokuja kumalizia kaburi wakaanza na ngazi. Ndiyo maana misa imechelewa, Baba Paroko, utusamehe. Mteremko ule mnaouona ni vifusi na udongo, haujashika, na ni mkali kuliko ambavyo Jailos angependa. Rabson aliwekwa kwenye kiti cha dada yake. Ambokile akashika kwa nyuma, Jailos akarudi kinyumenyume mbele yake. Jiwe likateleza, kiti kikayumba, na uani hapa hakuna aliyepumua. Ndipo Rabson Kalinga, ambaye hakuna aliye hai aliyewahi kumsikia akitamka neno hilo, akasema mbele ya watu wote, "Naogopa."

"Hata yeye aliogopa, shemeji," Ambokile akamwambia. "Teremka hivyo hivyo."

Akateremka. Aliweka mkono kwenye jeneza, akasema, "Nimeshuka, Faustina. Nimechelewa." Yuko pale alipo sasa, na hakutaka asogezwe kivulini.

Marehemu ameacha mume, Ambokile Mwasomola. Watoto wawili, Tumpe na Fanueli. Mjukuu mmoja, Benedicta. Kaka yake Rabson na wifi yake Bertha. Mdogo wake Dastan. Na wenzake wa Kikundi cha Mlango Wazi, ambao wengi hawakuweza kusafiri kwa sababu gari la kuwapandisha halikupatikana.

Neno la mwisho ni la Rabson, amemtuma Dastan kulisema kwa kuwa ulimi wake bado mzito. Wapo miongoni mwetu waliofunga mlango kwa kufuli asubuhi hii ili waje kuzika, na ndani kuna mtu. Mnajijua. Ufunguo mnao mfukoni. Rabson anasema hatawataja na hatawalaumu, ila anawaomba msingoje udongo, wala chakula. Faustina atawaelewa. Inukeni sasa hivi, mwende mkafungue.

Apumzike kwa amani.